Barua Ambayo Peres Hakuipakua

Kila asubuhi Peres hupika chai ya maziwa mengi. Jackton, mumewe, husema chai ya rangi ni dawa ya homa, si kinywaji cha mtu mzima. Wanaishi Kangemi, katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Jackton ni fundi wa mabomba. Kazi yake leo ipo, kesho haipo. Bomba la mtu likipasuka, wao hula nyama. Mabomba yote ya Nairobi yakiwa mazima, wao hula sukuma wiki na kumshukuru Mungu hivyo hivyo.

Peres ni mpishi, na si mpishi wa kubahatisha. Kwa miaka kumi na sita alipika katika nyumba moja kule Kitisuru, nyumba ya mama mmoja aliyeitwa Wangeci. Mama huyo alikuwa mwalimu mstaafu, na Peres alimwita Mwalimu tu. Mwalimu alikuwa mkali kwa chumvi na mkali kwa usafi. Alikuwa mzembe kwa jambo moja, nalo ni simu. Simu yake haikuwahi kujaa chaji. Ililia njaa mchana kutwa, mpaka Peres aichukue na kuichomeka ukutani kando ya jiko.

Kisha Mwalimu akafariki. Nyumba ikafungwa. Peres akarudi Kangemi na aproni zake mbili na visu vyake vitatu, na tangu siku hiyo hakuwa na kazi.

Si kwamba hakutafuta. Kwa miezi miwili alibisha mlango baada ya mlango. Kila mahali waliuliza, "Cheti kiko wapi?" Peres hana cheti. Alijifunza kupika kwa kupika. Wasichana waliomaliza chuo juzi walipita mbele yake na vyeti vyenye mihuri ya kung'aa, na Peres aliwaona wakichukuliwa. Jambo hilo lilimuuma sana. Alianza kujiuliza kama ile miaka kumi na sita ilikuwa kazi kweli, au ni ndoto aliyoiota akiwa amesimama jikoni.

Halafu siku moja mchana alipigiwa simu. Aliyepiga ni Bi Nyakio, mwalimu mkuu wa shule ya chekechea huko Hurlingham.

"Njoo kesho saa nane mchana," Bi Nyakio alisema. "Huna cheti, nimeelewa. Lakini niletee barua ya mwajiri wako wa mwisho, imechapishwa kwa karatasi. Hapa nina watoto themanini. Kuna mmoja akila karanga anavimba koo. Siwezi kuweka jikoni mtu nisiyemjua. Bila barua, mama, usijisumbue kuja."

"Barua ninayo, madam," Peres alijibu. "Iko kwa simu."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Miezi minne kabla ya siku hiyo, alipoanza kuugua, Mwalimu alimwandikia barua na kumtumia kwa simu. Peres aliiona ikiingia. Ilikuwa picha ya karatasi yenye ukungu, na chini yake maneno: Barua ya Peres. Katikati palikuwa na mshale mdogo unaoelekea chini. Hakuugusa. Aliandika, "Nimepata Mwalimu, asante sana, Mungu akubariki," kisha akarudi kwa vitunguu vyake.

Aliona haya kuisoma. Mtu akikusifu, utakaa chini usome sifa zako mwenyewe kama tausi? Barua ipo, alijiambia. Siku ikihitajika, itatoka.

Siku yenyewe ikafika. Saa mbili asubuhi Peres alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alifungua simu ili aitume ile barua kwa mtu wa cyber, lile duka la kompyuta pale chini, aichapishe. Aliupata ule ujumbe wa Mwalimu. Jina lilikuwepo. Ukungu ulikuwepo. Akabonyeza mshale.

Kiduara kilizunguka. Kikazunguka tena. Kisha yakatokea maneno: Faili hii haipo tena. Mwombe aliyeituma akutumie upya.

Peres aliyasoma mara tatu. 

"Baba Maurine," alimwita mumewe. "Njoo uone. Simu inasema nimwombe aliyeituma."

"Si umwombe tu?" Jackton alisema, huku akipuliza chai yake.

"Aliyeituma tulimzika."

Jackton aliweka kikombe chini. Alichukua simu, akaigeuza, akaitazama nyuma kama bomba linalovuja. "Labda bundles za mtandao zimeisha."

"Bundles ziko."

"Zima, uwashe."

Wakazima. Wakawasha. Maneno yakawa yale yale. Jackton akajikuna kichwa, na Peres alimjua vizuri mumewe. Jackton akijikuna hivyo, kuna jambo.

"Sema," Peres alimwambia.

"Unakumbuka ile kundi ya kanisa? Zile video zao zilikuwa zinajiingiza kwa simu zetu na kumaliza bundles. Halafu mimi nikafungua ile faili ya kazi za ng'ambo, ya mtu sijui, simu yangu ikaugua wiki mbili. Nikasema hapana. Nikazima mambo ya vitu kujileta vyenyewe. Kwa simu yangu na kwa yako."

"Uliniambia tutaokoa bundles! Hukuniambia nitakosa barua!"

"Na mimi ningejuaje?"

Peres alikasirika mpaka machozi yakamtoka. Alimkasirikia Jackton, akaikasirikia simu, na zaidi alijikasirikia mwenyewe. Aliuona mlango wa Hurlingham ukifungwa kabla hajaufikia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki kwa kulia. Alijifuta uso kwa kiganja na kufikiri. Barua iliandikwa kwa simu ya Mwalimu. Simu hiyo iko wapi sasa?

Akampigia Jeremy, mwana wa pekee wa Mwalimu. Jeremy alikulia kwa chapati za Peres, na mpaka leo akiwa mtu mzima mwenye kipara humwita auntie.

"Auntie Peres! Habari ya asubuhi?"

"Si nzuri, mwanangu. Simu ya Mwalimu iko wapi?"

"Simu ya mum? Nilikuwa nayo mpaka jana. Nimeiacha kwa fundi town, Luthuli Avenue. Nataka kumpa yule mlinzi wetu, yake imeharibika. Nilimwambia fundi aifute yote leo asubuhi. Kwani nini?"

 Alimweleza kwa maneno machache. 

"Auntie, mimi niko Eldoret," Jeremy alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Naingia mkutano saa hii. Fundi anaitwa Musembi, ghorofa ya pili, chumba cha kumi na nne. Nitampigia. Lakini yeye akifanya kazi hashiki simu. Wewe kimbia."

Peres alikimbia. Gauni la kanisani, viatu vya kanisani, alikimbia. Waiyaki Way ilikuwa imejaa magari, na gari alilopanda lilipokwama Museum Hill, hakungoja. Alishuka na kuendelea kwa miguu. Kila hatua alijiuliza: sasa ameishika? Sasa ameifuta? Mtu hufuta vumbi la mwaka mzima kwa kitambaa kimoja. Kufuta barua kutachukua muda gani?

Saa nne na nusu alipanda ngazi za lile jengo, huku akihema. Chumba cha kumi na nne kilikuwa kidogo. Musembi alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu za mvi na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwa paji la uso. Mbele yake palikuwa na simu kama kumi.

"Karibu, mama. Ni kioo ama betri?"

"Fundi, kuna simu ya Jeremy. Ilikuwa ya mama yake. Umeifuta?"

Musembi alivua miwani moja. "Kwa nini unauliza?"

"Tafadhali. Umeifuta?"

Musembi alielekeza kidole pembeni. Pale ukutani ilining'inia simu ya Mwalimu, na mfuko wake wa bluu uliokwaruzwa, ikiwa imechomekwa kwa umeme.

"Nilitaka kuifuta saa tatu, ikanikatalia," alisema. "Chaji ilikuwa asilimia tatu. Hii aina, kama haina chaji ya kutosha, haikubali kufutwa. Na hiyo betri ni mzee, inapanda pole pole. Sasa iko kumi na tisa. Ikifika thelathini, naifuta."

Peres aliketi kwa stuli bila kukaribishwa. Miaka kumi na sita alimgombeza Mwalimu moyoni kwa sababu ya chaji. Leo alitamani kumwomba radhi.

"Usiifute," alisema. "Ndani yake kuna barua yangu." Akaeleza yote: Kitisuru, barua, Hurlingham, saa nane.

Musembi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa. "Mama, nakuamini. Lakini hiyo simu si yako, wala si yangu. Siwezi kumfungulia mtu simu ya mwingine kwa sababu ana machozi. Ningefanya hivyo, nani angeniletea simu yake? Mwenyewe aseme kwanza."

"Basi mpigie Jeremy!"

Musembi akapiga. Simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika tena.

"Yuko mkutanoni," Peres alisema kwa sauti ndogo.

"Tumngoje. Ila ujue, mlinzi anakuja kuichukua saa saba, na kuifuta na kuipanga upya ni kazi ya nusu saa. Nitangoja mpaka saa sita na nusu. Baada ya hapo nitafanya kazi niliyopewa."

Wakangoja. Saa tano. Saa tano na robo. Kila mara Peres aliinua macho kutazama ile simu ukutani. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Hakuwahi kuichukia chaji kama siku hiyo.

"Kitu kimoja sielewi," Musembi alisema, huku akikaza skrubu. "Alikutumia barua. Kwa nini haiko kwa simu yako?"

"Iko. Haifunguki tu."

"Hebu nione." Alitazama, akaguna. "Mama, usikasirike. Hii barua hujawahi kuwa nayo."

"Sijawahi? Si jina langu hili hapa?"

"Wewe ni mpishi, si ndio? Basi nitakuuliza swali la jikoni. Umepika pilau. Sufuria iko jikoni, mgeni yuko sebuleni. Harufu imemfikia huko. Amekula?"

"Harufu haishibishi mtu."

"Sasa ili ale, lazima ufanye nini?"

"Nimpakulie."

"Hapo umesema." Musembi aliweka bisibisi chini. "Mwalimu wako aliandika barua kwa simu yake, akaipandisha kwa mtandao. Huko ni kupakia. Mtandao ukawa umeshikilia ile sufuria, ukingoja wewe. Jina uliloona na ile picha ya ukungu ni harufu tu. Huu mshale wa kuelekea chini ndio upawa. Ungeubonyeza siku ile, barua ingeshuka kutoka kwa mtandao ikaingia ndani ya simu yako, ikawa yako. Huko ndiko kupakua. Huku kwetu wengi wanasema kudownload. Ni kitu kimoja."

"Na mimi sikubonyeza," Peres alisema.

"Hukubonyeza. Sahani yako ilikaa tupu miezi minne. Na hakuna jikoni inayoacha sufuria motoni miezi minne, mama. Walingoja, walipoona huji, wakamwaga na kuosha sufuria."

Peres alitazama mikono yake. Mikono hiyo imepakua chakula mara ngapi? Maelfu ya mara. Na sahani moja iliyokuwa yake mwenyewe ilimpita.

"Nilimjibu nimepata," alisema. "Nilimshukuru na sikuwa nimepata kitu. Alikufa akijua ninayo."

 Musembi akainuka, akapiga namba ya Jeremy tena. Ikalia, ikakatika.

Saa sita. Ishirini na saba.

"Kwa hivyo nibonyeze kila mshale nikiuona?" Peres aliuliza. Aliuliza ili asilie.

"Hapana, usifanye hivyo! Mtu usiyemjua akikuletea sahani ya chakula hapo nje barabarani, utakula?"

"Haki siwezi. Nitajuaje ametia nini?"

"Basi na simu ni vivyo hivyo. Faili ya mtu usiyemjua, usiipakue. Mara ni kazi ya ng'ambo, mara umeshinda zawadi. Ukipakua, umeingiza ugonjwa ndani ya nyumba yako."

Peres alimkumbuka Jackton na simu yake iliyougua wiki mbili. "Mume wangu alikula chakula cha barabarani," alisema. "Halafu akaamua tusile hata cha nyumbani."

Musembi akacheka. Lakini saa ya ukutani haikucheka. Saa sita na dakika ishirini. Ishirini na tisa.

Saa sita na nusu kamili, chaji ikiwa thelathini, Musembi alivaa miwani yake na kuichomoa simu ya Mwalimu ukutani. "Mama," alianza kusema, kwa upole. Peres alifumba macho.

Simu ya Musembi ikalia.

"Fundi!" Ilikuwa sauti ya Jeremy, kubwa, inayohema. "Usiifute! Umeifuta?"

"Bado. Huyu mama mpishi yuko hapa na mimi."

"Mpe anachotaka. Namba ya siri ni moja, tisa, nne, saba. Mwaka aliozaliwa mum. Barua pekee, fundi, mengine uniachie. Usiifute tena, nitakuja kuichukua mwenyewe; mlinzi atangoja."

"Barua pekee," Musembi alisema. "Sitaangalia kingine."

Na kweli hakuangalia kingine. Alifungua, akatafuta neno barua, na ikatokea. Faili moja. Barua ya Peres. Aliiunganisha simu kwa mtandao wa dukani, akaituma upya. Simu ya Peres ikalia mkononi mwake. Karatasi yenye ukungu. Mshale unaoelekea chini.

"Oh, asante Yesu, nimepa..."

"Usiseme umepata!" Musembi alimkatiza. "Hilo neno ndilo lililokuponza. Bonyeza."

Peres akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kisha kikasimama. Nafasi haitoshi, simu ikasema.

"Nini tena!" Peres alipiga kelele.

"Sahani imejaa mabaki. Toa kitu."

Peres alifungua video. Kwaya ile ile, wimbo ule ule, imeingia mara nne. Harusi ya watu asiowajua. Mchungaji fulani akihubiri saa nzima, kichwa kimekatwa na kamera. Zilikuwa za kabla Jackton hajazima. Alifuta zote bila huruma, hata mchungaji. Akarudi kwa mshale. Akabonyeza.

Kiduara kikaanza kujaa. Robo. Nusu. Kikakwama hapo kidogo, na Peres akaacha kupumua. Kikaendelea. Kikajaa. Mshale ukatoweka, na ukungu ukatoweka pamoja nao.

"Sasa zima data," Musembi alisema. "Fungua barua bila mtandao. Ikifunguka, jua imo ndani ya simu. Ikikataa, bado iko kwa sufuria."

Peres alizima data, akagusa. Barua ikafunguka, nyeupe, maneno yamesimama wazi, na chini kabisa sahihi ya Mwalimu, aliyoichora kwa kidole, iliyopinda kidogo kwa sababu ya ugonjwa. Peres aliigusa ile sahihi kwa kidole. Hakusoma zaidi. Hakukuwa na muda, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Musembi alichapisha nakala mbili. "Na usiiweke mahali pamoja," alisema. "Simu huibiwa, simu huanguka kwa maji. Mtumie mtu wako wa karibu."

Peres alimtumia Jackton, kisha akampigia pale pale. "Baba Maurine, umeona mshale? Bonyeza. Sasa hivi, nikikusikia." Alingoja. "Imefunguka? Nisomee mstari wa kwanza. Haya. Sasa ndiyo unayo."

Akakimbia tena.

Aliingia lango la shule pale Hurlingham saa nane kasoro dakika tatu. Kwenye benchi walikuwa wameketi wanawake wawili, wadogo kuliko yeye, na faili zao nono mapajani. Peres aliketi kando yao na karatasi mbili na jasho. Alijiona mdogo sana. Waliitwa mmoja mmoja. Yeye akaitwa wa mwisho.

Bi Nyakio alichukua barua, akaisoma kimya. Alipofika katikati alisimama, akarudi juu, akaisoma upya. 

"Uliisoma hii?" Bi Nyakio aliuliza.

"Hapana, madam. Nimeipata leo."

"Miezi minne iliyopita iliandikwa."

"Nilitumiwa. Sikuipakua. Sikujua."

Bi Nyakio akaisoma kwa sauti:

"Kwa atakayeisoma barua hii. Nimefundisha miaka thelathini na minane, na sikuwahi kumpa mtu alama asizostahili. Peres amepika jikoni mwangu miaka kumi na sita. Sijawahi kuumwa tumbo kwa chakula chake. Daktari aliponikataza chumvi, nilimgombeza Peres mwezi mzima kwamba chakula hakina ladha. Hakunijibu. Alihangaika na dhania, tangawizi na ndimu mpaka mimi nikanyamaza. Siku hizi mkono wangu hautulii. Peres hunipakulia kidogo kidogo, ili nisimwage mbele ya watu, na hujifanya haoni. Mimi naona. Mtu wa namna hii hana cheti kwa sababu hakuna chuo kinachofundisha hayo. Atakayempata asimwachilie."

Peres alilia. Hakujificha. Alilia kwa sababu alidhani Mwalimu hakuona, kumbe aliona yote.

Bi Nyakio alimsogezea sanduku la tishu na kungoja. "Kuna mtoto hapa asiyeweza kula karanga," alisema hatimaye. "Utafanya nini?"

Peres alipenga kamasi. "Karanga haitaingia jikoni yangu kabisa, madam. Si kwa huyo mtoto, si kwa mtu yeyote. Kijiko kinaweza kusahau. Ni heri isiwepo."

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," Bi Nyakio alisema. "Usichelewe."

Sasa ni muhula wa pili Peres akiwa pale. Pale Kangemi, wanawake wenzake wa kanisani wanamwogopa kidogo. Mtu akimwambia, "Matokeo ya mtoto nimetumiwa, yako kwa simu," Peres huuliza, "Umepakua, ama unasikia harufu?" Na hakuachi mpaka uzime data na kuifungua mbele yake. Jackton mwenyewe amerudisha mipangilio, lakini kwa akili: picha na video zingoje ruhusa, barua na vyeti vishuke vyenyewe. Faili za watu asiowajua anazifuta kabla hazijamsalimu.

Wiki jana, saa sita mchana, watoto themanini walikuwa wamepanga foleni na sahani zao. Peres alikuwa ameshika upawa, sufuria ya ndengu na wali mbele yake. Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Ilikuwa ni Jeremy.

"Auntie, nimeipata kwa simu ya mum kabla sijampa mlinzi. Niliwapiga mimi kwa simu yangu ya zamani, nikamtumia," alikuwa ameandika. Chini yake palikuwa na picha yenye ukungu. Vivuli viwili vya watu, na mshale unaoelekea chini.

"Ngojeni kidogo, watoto wangu," Peres alisema. "Dakika moja tu."

Akaweka upawa chini, akafuta mikono, akabonyeza mshale. Alingoja kiduara kijae mpaka mwisho. Akaifungua. Walikuwa jikoni kule Kitisuru, Mwalimu ameketi na sahani yake, Peres amesimama kando, wote wawili wanacheka jambo ambalo sasa hakulikumbuka. Kwa ukuta wa nyuma ilionekana simu ya bluu, imechomekwa kwa umeme.

Peres aliitazama vizuri. Kisha akairudisha simu mfukoni, akachukua upawa, na kumpakulia mtoto wa kwanza.